Mkasi wa Mama Mkwe

Kwa wale waliokosa gazeti la wiki iliyopita, au waliolifungia samaki kabla ya kulisoma, poleni. Mimi ni Radiša wa kijiji cha Klečje, chini ya milima ya Stara Planina, na ni mwanamume niliyeolewa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Sikuoa, niliolewa. Nilihamia kwa mke wangu Stamena, kwenye nyumba ya mama yake, na tangu siku hiyo hata paka wa pale ana kauli kuliko mimi.

Mliona nilivyofukuzwa kiwanda cha matofali. Mliona mtambo wangu wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya matunda, ulivyolipuka na kuniachia nyusi upande mmoja. Kisha mkaniona baa kwa Desanka, nikijigamba kwamba mbwa wetu Garov amefukuza kundi zima la mbwa mwitu peke yake. Ukweli ni kwamba Garov alibwekea koti la manyoya la jirani, na koti lenyewe lilikuwa limeanikwa kwenye kamba.

Majigambo yale yakamfikia Krsman. Huyu ni kum wangu, ndiye aliyenisimamia ndoa na kuwa baba wa ubatizo wa binti yetu anayesoma mjini. Kwetu kum akiomba kitu, unampa, hata kama ni shati ulilovaa. Krsman akaomba Garov. Alisema ni wa kumlindia kinu.

Sasa, hakuna mtu Klečje asiyejua kinachofanyika Jumamosi kwenye kile kinu cha zamani cha kusagia mahindi. Mbwa wanatupwa shimoni wararuane, watu wanasimama juu wanaweka dau na kupiga kelele. Nilijua kama wengine. Nilijifanya sijui, kwa sababu kujua kungenilazimu kusema hapana, na hapana ni neno ambalo sijaliweza tangu nizaliwe.

Basi nikamtoa Garov kwa mkono wangu. Nikamfundisha Krsman hata mluzi wetu, maana bila mluzi ule Garov hamfuati mtu: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda. Mliniacha hapo, nimesimama getini nampungia mkono mbwa.

Tangu siku ile Stamena hakunisemesha. Alikuwa akitaka chumvi, anamwambia paka.

Ikafika siku ya Mtakatifu Mrata, ambayo ndiyo slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Nasema yetu, lakini ni yao, mtakatifu nilimkuta hapo hapo na fanicha. Na Mrata wetu huyu anaangukia katikati ya zile siku za Novemba ambazo ni za mbwa mwitu. Siku hizo hakuna kushona, hakuna kufuma, hakuna kukata nguo. Mama mkwe wangu, Mama Bosiljka, huufunga mkasi wake kwa uzi mwekundu na kuuweka nyuma ya picha ya mtakatifu. Mkasi ukibaki umefungwa, na taya za mbwa mwitu zinabaki zimefungwa. Ukiufungua, hesabu kondoo wako vizuri, kwa maana hutawahesabu tena.

Asubuhi ile nikatoka kwenda kuleta kuni, nikamkuta Garov amelala getini.

Alikuwa amekata kamba kwa meno na kipande chake bado kinaning'inia shingoni. Sikio moja halikuwapo. Begani palikuwa na jeraha ambalo sikuweza kulitazama, na miguu ya mbele ilikuwa imetobolewa tobolewa. Aliponiona, akatingisha mkia.

Hilo ndilo lililonimaliza. Angeniuma ningeelewa. Lakini alitingisha mkia kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani na anaomba radhi, nami nikakaa chini kwenye tope na suruali yangu ya slava.

"Unalia?" Stamena akauliza nyuma yangu.

"Ni moshi."

"Moshi gani, na jiko hujawasha?" Akamwona Garov. Akajifuta mikono kwenye aproni. "Radiša, hiyo kamba ulimfunga wewe. Kwa hiyo acha kulia na ushike miguu ya nyuma."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nilipomtoa mbwa. Nikiri tu kwamba, pamoja na yote, nilifurahi kusemeshwa.

Tukambeba hadi stoo ya chakula, tukamlaza nyuma ya pipa la kabichi chachu. Stamena akampigia simu Jagoda, daktari wa mifugo. Naye alikuwa tayari njiani kuja kwetu, maana siku ya slava haalikwi mtu. Anayekuja amekuja, na aliyekuja hafukuzwi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonitia matatani.

Jagoda akaingia stoo na viatu vyake vya sikukuu, akapiga magoti kwenye maji ya kabichi. Akamwangalia Garov muda mrefu.

"Nani kamfanya hivi?"

Nikatazama dari. Dari yetu ina ufa, sijui mnajua.

"Nauliza tu kwa heshima," Jagoda akasema. "Mbwa wa hivi nimewashona wengi mwaka huu. Wote walianguka kwenye waya, eti. Waya wa kijiji hiki una meno. Leteni maji ya moto na mkasi, mashine ya kunyolea manyoya nimeiacha mjini. Sindano ninayo."

Neno sindano likamleta Mama Bosiljka mlangoni kama kengele ya kanisa.

"Sindano? Leo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Bibi, jeraha hili linaingia vidole."

"Jirani wa bondeni alishona kifungo tu siku ya Mrata. Kifungo, Jagoda! Kufika Krismasi hakuwa na kondoo hata wa kumsingizia. Mwoshe kwa maji ya chumvi. Siku hizi zikipita, mshone upendavyo."

"Zikipita hizo siku nitakuwa namzika."

"Basi Mungu amrehemu, alikuwa mbwa mzuri."

Jagoda akanigeukia. "Na wewe, Radiša? Si ndiye mwenye nyumba?"

Stamena akacheka, cheko lake la kwanza wiki ile. Nadhani ni kwa sababu ya hilo la mwenye nyumba.

Nikasema maneno yangu ya siku zote. Nikasema kila upande una hoja. Jagoda akanipokonya chupa ya rakia mkononi, ile iliyonusurika mlipuko, akaanza kuosha majeraha nayo. Garov akalia kwa sauti ndogo. Na hapo hapo nje sauti kubwa ikaita:

"Mwenye nyumba! Slava njema, kum wangu wa dhahabu!"

Ni Krsman. Wa kwanza, kabla hata ya padri.

Ningefanyaje? Mgeni wa slava hafukuzwi, na kum ndiye mgeni wa wageni. Akanibusu mashavu mara tatu. Akanipa chupa na boksi la chokoleti. Akaketi pale mbele, chini ya picha ya mtakatifu, mahali pake pa miaka yote. Mimi nikasimama. Mwenye slava haketi, anasimama kofia mkononi tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho, akimimina na kupokea sahani. Kwa kawaida nalalamika. Siku ile nilishukuru, kwa sababu anayesimama akimimina halazimiki kumtazama mgeni machoni.

Nikamletea ngano ya slava, ile iliyochemshwa na kutiwa sukari na jozi. Akafanya ishara ya msalaba, akala kijiko, akasifu.

"Tamu. Mama mkwe wako ana mkono." Akajifuta mdomo. "Kum, yule mbwa wako kanitia aibu."

"Kweli?"

"Aibu ya mwaka! Watu wametoka Pirot, wametoka hadi ng'ambo ya mpaka, nimewaambia huyu kafukuza mbwa mwitu kundi zima. Si ulisema? Namtia shimoni. Unajua alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Alilala chali! Kama kitoto! Alidhani mwenzake anataka kucheza." Krsman akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Amekuja kuamka keshatafunwa. Nikamtoa, mimi si mnyama. Halafu akakata kamba akaondoka. Hajapita huku?"

"Huku? Hapana. Huku hapiti mtu."

Kutoka stoo ikasikika sauti ya Garov, nyembamba, ndefu. Nikakohoa. Nikakohoa tena, nikaangusha na sahani kwa usalama zaidi.

"Nini hicho?" Krsman akauliza.

"Kabichi. Inachacha."

"Kabichi inalia?"

"Mwaka huu imechacha vibaya."

Krsman akanitazama kwa huruma, kama anavyonitazama tangu siku ya harusi yangu. Akanisogezea glasi nimjazie.

"Akirudi, niletee. Wa shimo hafai tena, ila namtaka kwa shule."

"Shule ipi?"

"Ninao wadogo, hawajaonja kitu. Unamfunga mdomo mbwa mkubwa asiwaumize, unawaachia wamfanyie mazoezi. Mbwa wako hajui kuuma hata bila kufungwa. Mwalimu wa hivyo hapatikani." Akacheka kidogo. "Usinune, kum. Mbwa mimi nawapenda kuliko watu. Ila kila mmoja ana kazi yake."

Niliwaza Garov amefungwa mdomo na bado anatingisha mkia. Nilimwaza hivyo, na huku mkono wangu unaendelea kumimina rakia vizuri kabisa, bila kumwaga hata tone. Nilijichukia kwa ustadi ule.

Nikageuka, nikamwona Mama Bosiljka amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika sufuria ya sarma, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi, na alikuwa amesikia yote.

Akaweka sufuria mezani. Akaenda hadi kwenye picha ya mtakatifu, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Krsman bila kumwomba radhi, akatoa mkasi uliofungwa uzi mwekundu. Akauma uzi kwa meno yake machache, akautema. Akafungua mkasi, akaufunga, akaufungua tena. Chumba kizima kilisikia ule mlio.

"Mama!" Stamena, aliyekuwa ameingia na sahani, akashtuka. "Siku za mbwa mwitu!"

"Nafunga mkasi ili mbwa mwitu asiingie," Mama Bosiljka akasema. "Keshaingia. Kala ngano yangu na kaisifu."

Akatoka. Krsman akaangua kicheko, akaniuliza bibi leo ameonja divai mapema nini. Mimi nikacheka pia, kwa mazoea.

Wageni wakaanza kumiminika. Hapo nikaona jambo ambalo sikulielewa mara moja. Mama Bosiljka alikuwa anawapokea mlango wa jikoni badala ya wa mbele. Kila mmoja anamshika kiwiko, anamwambia kwa upole, "Ngano baadaye. Kwanza njoo umsalimie mtu," na kumpeleka stoo. Stanoje mwenye kinu akaingia akicheka na kutoka amevua kofia. Vitomir wa trekta akaingia, akakaa, akatoka nje kuvuta sigara, na yule haivuti. Desanka wa baa alitoka na wanja umemshuka hadi kidevuni. Hata Padri Sretko alipelekwa, na joho lake na kitabu chake.

Krsman alikuwa anakula sarma mezani na kusimulia hadithi. Alishangaa kidogo kwamba hakuna anayecheka.

Ukafika wakati wa mkate. Mkate wa slava haukatwi kisu. Unazungushwa. Mwenye nyumba, padri na wageni wanaume wanaushika pamoja kwa mikono yote, wanauzungusha taratibu huku wanaimba, wanaumwagia divai, kisha wanauvunja. Kum anashika karibu na mwenye nyumba kuliko wote. Krsman akainuka, akapangusa vidole, akashika upande wake.

Padri akafungua kinywa aimbe.

"Padri, subiri," Stanoje akasema. Akaondoa mkono wake mkateni. "Mkono wangu na ule haikai kwenye mkate mmoja."

"Stanoje, umelewa?" Krsman akauliza.

"Bado. Ningelewa ningeyasema haya mapema."

"Kinu ulinipa wewe mwenyewe."

"Nilikupa. Ulisema ni cha kuweka nyasi. Nilijua huna hata mbuzi." Stanoje alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya Jagoda, ambaye alikuwa ametokeza mlangoni na damu kwenye mikono. "Ufunguo wa akiba huu. Mpigie mkaguzi wa wanyama, umwambie mwenye kinu karuhusu. Mwende mkawatoe waliobaki. Leo, si kesho."

Vitomir akaondoa mkono wake pia. "Trela unalobebea hao mbwa ni langu, Krsman. Lirudi. Na wakija kuuliza nani alikuwa analivuta, nitasema ni mimi."

"Dau mlikuwa mnaweka kwenye kaunta yangu," Desanka akasema kutoka upande wa wanawake. "Nikawa napanguza glasi nageuka pembeni. Na mifupa ya mbwa wako nakutilia kwenye mfuko. Sasa kwangu huweki dau, hunywi, na mifupa hupati."

Padri Sretko akakohoa kwenye ndevu zake.

"Jenereta ya taa," akasema taratibu, "ni ya kanisa."

"Padri!" watu wakasema.

"Aliniambia ni ya harusi."

"Harusi kila Jumamosi, padri?" Mama Bosiljka akauliza kutoka stoo. "Na maharusi wanabweka?"

Watu wakacheka, padri akainamisha kichwa. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona. Hakuna aliyejenga lile shimo. Huyu alitoa chumba, yule trela, yule taa, yule mfupa. Vitu vidogo vya kusaidiana, kila mtu akageuka pembeni kidogo tu. Na kati ya wote waliotoa vitu, ni mmoja peke yake aliyetoa mbwa.

Krsman hakupandisha sauti. Mkono wake ulikuwa bado mkateni, na wangu pia. Tulibaki sisi wawili na padri.

"Hawa ni majirani," akaniambia. "Majirani wanabadilika na hali ya hewa. Mimi na wewe ni kum. Nilisimama nyuma yako kanisani, hakuna mwingine aliyetaka kusimama, unakumbuka? Sasa nakuuliza wewe. Unanitoa kwenye mkate wako?"

Alisema kweli. Siku ile hakuna mwingine aliyetaka. Macho yote yakanigeukia, pamoja na ya mtakatifu Mrata, ambaye sijawahi kumwona akinipenda.

Hapana. Neno lenyewe ni dogo, lina silabi tatu. Nililisukuma kutoka tumboni, likafika kooni, likakwama pale linapokwamaga. Nikamtazama Stamena. Akaniangalia kama mtu anayengoja basi ambalo limeshamwacha mara nyingi.

Nikafumba macho na kupayuka:

"Kum, Garov yuko nyuma ya pipa la kabichi, na hatoki!"

Stamena akajipiga paji la uso. Nilikuwa nimekataa, jamani. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemkatalia mtu, na katika pumzi hiyo hiyo nikampa anwani.

Krsman akaondoa mkono kwenye mkate. Akatabasamu. Akachukua kofia yake, akaivaa humo humo ndani, jambo ambalo mgeni halifanyi.

"Basi. Stoo ya mtu siingii, nina heshima zangu," akasema. "Lakini ulinipa mkono mbele ya watu, Radiša. Mbwa ni wangu. Sitamgusa. Atakuja mwenyewe."

Akatoka. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi, tukashusha pumzi. Vitomir akanipiga bega, eti sasa umekuwa mwanamume. Stanoje akasogea, akashika mkate mahali pa kum. Tukauzungusha tukiimba, padri akamwaga divai, tukauvunja. Kipande changu kilikuwa kikubwa, watu wakasema ni bahati, nami nikakitia chote mdomoni kama desturi inavyotaka. Mkate ule unaliwa kwa kimya, umesimama, bila kudondosha hata chembe, maana ni wa mtakatifu. Nilikuwa natafuna na machozi yananitoka. Niliamini kabisa kwamba misiba yangu imefika mwisho na mhariri atanifuta kazi.

Hapo mluzi ukalia getini.

Mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda.

Stoo kukasikika kishindo, na Jagoda akapiga kelele, "Garov! Lala!" Akatokea. Alikuwa amenyolewa upande mmoja, jeraha la begani limeshonwa nusu, na uzi unaburuta sakafuni na sindano mwishoni. Alikuwa anatembea kwa miguu mitatu, haraka, na mkia juu. Maisha yake yote mluzi ule ulikuwa na maana moja tu: mimi niko getini, njoo nyumbani.

"Msimguse!" Jagoda akalia. "Ana maumivu, atauma, na nyuzi zitakatika zote! Mwacheni njia! Radiša, mwite wewe! Wewe ndiye anayekusikia!"

Watu wakagawanyika. Mlango ulikuwa wazi, siku ya slava mlango haufungwi. Garov akapita katikati yetu, akashuka ngazi, akafika katikati ya ua. Krsman alikuwa amesimama getini, mikono mfukoni, na mlango wa gari uko wazi nyuma yake.

"Mwite!" Stamena akanisukuma hadi barazani. "Radiša, piga mluzi!"

Na mdomo wangu umejaa mkate wa mtakatifu.

Nilijaribu kuumeza ukakataa. Nikamtazama padri. Nikamtazama Mama Bosiljka, mwanamke aliyewahi kunifukuza mezani kwa kudondosha chembe za mkate huo, ameshika mkasi wake wazi. Nikautema. Wote, kwenye sakafu ya baraza, mbele ya mtakatifu, padri na kijiji kizima. Mtu nyuma yangu akajiwekea ishara ya msalaba.

Nikakunja midomo, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ikatoka pumzi na chembe za mkate.

Garov akasimama. Akainua sikio lililobaki, akanigeukia, akangoja. Nikalamba midomo, nikapuliza tena, upepo mtupu.

Getini Krsman akaupiga mluzi wangu mara nyingine, taratibu, vizuri kuliko nilivyowahi kuupiga mimi.